Hesabu ya Pumzi Kabla ya Kisu

Mtaalamu wa usingizi hamfuati mgonjwa mlangoni. Hubaki kitini na kumwacha atembee mwenyewe mpaka kwenye benchi lililo chini ya dirisha, na katika hatua hizo chache kazi imeshaanza. Anatazama kama mabega yanapanda kila pumzi inapoingia. Anatazama shingo, ile misuli miwili ya pembeni, kama inakaza. Anamwamkia mama wa miaka 62 aliyeingia asubuhi hii, kisha anasikiliza jibu: "Marahaba mwanangu, habari za hapa, mmeamkaje?" Maneno yote yametoka kwa pumzi moja, bila kukatizwa katikati ili avute hewa. Faili bado halijafunguliwa.

Tuko katika hospitali ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi watu huongea huku mikono imefichwa ndani ya shali. Mama ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari mpasuaji ameshaamua: atafungua chini ya mbavu za kulia na kuutoa. Linalobaki ni swali la mtaalamu wa usingizi, na analiuliza kwa niaba ya mapafu. Mshono ukishafungwa, yataweza?

Watu wengi wakisikia nusu kaputi huogopa kulala wasiamke. Hofu hiyo naielewa, lakini hatari kubwa mara nyingi huja baadaye, siku ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa wodini na ndugu wameshaanza kupiga simu nyumbani kusema mambo ni mazuri. Ndipo homa inapanda, pumzi inakuwa fupi, nimonia inaingia. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Karibu mmoja kati ya kila watano alipata tatizo baada ya upasuaji, vifo vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi mno wa waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita.

Sababu iko katika namna tunavyopumua. Mapafu hayajivuti yenyewe. Yanavutwa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, yakisaidiwa na misuli ya mbavu. Mtu akilazwa chali na kupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, kiwambo hupanda kuelekea kifuani, na sehemu ya mapafu iliyo upande wa mgongoni hukosa nafasi. Vifuko vya hewa hugandana kama pande za mfuko wa plastiki uliolowa. Daktari William Pasteur wa London aliandika habari za mapafu yanayosinyaa baada ya upasuaji wa tumbo mwaka 1910, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa Sweden walionyesha kwa picha za CT kwamba kusinyaa huko huanza dakika chache tu baada ya usingizi kuingia, tena karibu kwa kila mgonjwa. Aliyepasuliwa mguu huamka, akavuta pumzi kubwa, mapafu yakafunguka. Aliyekatwa juu ya kitovu hana bahati hiyo. Kiwambo chake kiko jirani na kidonda na hufanya kazi nusunusu kwa siku kadhaa. Maumivu yanamfanya apumue juu juu na aogope kukohoa, makohozi yanakaa, na vijidudu vinapata makao.

Kwa hiyo mtaalamu anauliza. "Mama, umewahi kuugua kifua?"

"Hapana, mwanangu."

Fomu ya hospitali ina swali hilohilo na visanduku viwili, na mwingine angeweka alama kwenye "hapana" na kuendelea. Yeye hajaandika kitu. Anauliza habari za shamba, viazi vimekubali mwaka huu au vimeoza, kutoka nyumbani mpaka barabarani ni mwendo wa kiasi gani na huwa anapumzika mara ngapi kilimani. Kisha, kwa sauti ileile ya viazi: "Dawa ya mwisho uliyomeza, kabla ya hizi za maumivu, ilikuwa ipi?"

"Zile za rangi mbili. Nilinunua dukani."

"Zilikuwa za nini?"

"Nilikuwa na homa, na kikohozi cha makohozi mazito. Mafua tu."

Binti yake, aliyesimama nyuma ya benchi akiwa na mkoba, anahesabu kwa vidole na kusema ni wiki ya tatu sasa. Hapo ndipo kalamu inagusa karatasi. Kwa mama, kuugua kifua ni kulazwa, ni TB, ni jambo la kusimuliwa kijijini. Homa yenye makohozi na dawa ya antibayotiki kutoka dukani ni mafua. Lakini kwa mapafu yatakayolazwa chali ndani ya mwezi huohuo tofauti hiyo haipo: njia za hewa bado zina uvimbe, bado zinatoa ute mwingi, bado ni nyepesi kubana.

Swali la sigara linamchekesha mama. Mtaalamu naye anatabasamu, kisha anauliza jikoni wanapikia nini. Kuni. Jiko liko ndani au nje? Ndani, na msimu wa baridi dirisha hufungwa. Ameanza kupika lini? Tangu msichana, kabla hajaolewa. Asubuhi anakohoa? "Kidogo, kama kila mtu." Anatoa makohozi? Kiasi gani, kijiko cha chai kinajaa? Rangi yake? Kila jibu linaandikwa kwa maneno ya mama mwenyewe, si kwa jina la ugonjwa. Zaidi ya miaka 45 ya moshi wa mafiga inaweza kumwachia mwanamke ambaye hajawahi kushika sigara mapafu yaleyale ya mvutaji. Hili halina sehemu kwenye fomu. Anaandika pembeni, wima, kwenye nafasi nyeupe ya ukurasa.

Baada ya maswali inakuja zamu ya mikono, na hapa mwendo unazidi kupungua.

Anashika kifundo cha mkono wa mama kama anayehesabu mapigo ya moyo, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Kweli anahesabu, ila anachohesabu ni kupanda na kushuka kwa kitenge kifuani. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha namna ya kupumua, ndiyo maana kifundo kinashikwa. Anahesabu dakika nzima. Hahesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne, kwa kuwa kosa la pumzi moja hapo linakuwa kosa la pumzi nne. Zimetoka 20.

Kisha oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Teknolojia yake ilivumbuliwa na Takuo Aoyagi huko Japani katika miaka ya 1970, na leo kipimo hiki kinaingia mfukoni mwa koti. Kukitumia kunaonekana rahisi mno. Mtaalamu anageuza mikono ya mama: kucha za mkono wa kulia zina hina ya arusi ya mjukuu, basi anauacha. Anachukua kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ambacho ni baridi, na kukisugua kati ya viganja vyake mpaka damu irudi. Anabana. Kioo kinaonyesha 89. Binti anashtuka, lakini mtaalamu haandiki. Anatazama mstari ulio chini ya namba, ule unaopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Bado ni mfupi na una meno meno. Anasubiri. Inapanda 92, 93, mstari unalainika, inatulia kwenye 94 na kubaki hapo. Anaiacha ikae muda mrefu zaidi ndipo anaandika.

Hata hivyo 94 hiyo haiamini moja kwa moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hiki kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu, kwa kusoma namba ya juu kuliko iliyomo kwenye damu. Upande wa pili, mji huu uko juu na hewa ni nyepesi, hivyo hata mtu mzima wa afya hapa huweza kusoma pungufu kidogo ya mtu wa Tanga. Jambo moja linaishusha namba, lingine linaitetea. Anamwomba mama atoe ulimi, anautazama kwenye mwanga wa dirisha kama una ubuluu, hauna. Anaandika 94, bila kuipandisha wala kuipunguza, na pembeni anaandika yale mambo mawili.

Stetoskopu anaipasha joto kiganjani kwanza. Anaanzia mgongoni, chini kabisa, kwa sababu huko ndiko mapafu yatakakosinyaa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, akilinganisha sehemu na jirani yake, hadi juu. "Vuta kwa mdomo, mama. Taratibu. Toa." Kila sehemu inapewa pumzi nzima, kuingia na kutoka. Kisha anaweka stetoskopu shingoni, juu ya koo, na kumwomba avute pumzi hadi mwisho, halafu aitoe yote kwa nguvu na kwa haraka. Macho yako kwenye saa tena. Mapafu yenye njia zilizo wazi humaliza kabla ya sekunde 6. Ya mama yanamaliza kwenye sekunde ya 8, na mwishoni kuna mluzi mwembamba.

Anatoa kiberiti mfukoni. Chumba hiki hakina mtungi wa oksijeni, na amehakikisha hilo kabla. Anawasha njiti, anaishika umbali wa sentimita 15 hivi kutoka kinywani, na kumwambia mama aizime akiwa ameachama, bila kukunja midomo. Kipimo hiki kilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1959, na mahali pasipo na mashine ya kupimia pumzi bado kinasema kitu. Moto unainama, unasimama tena, unazimika kwa pumzi ya pili. Mwishowe anamwomba avute pumzi ndefu na kukohoa mara moja tu. Mama anakohoa mara moja, kisha kikohozi kinaendelea chenyewe, mara tatu, nne, na sauti yake ni ya majimaji.

Picha ya eksirei imo ndani ya faili. Anaitazama kwenye mwanga, anairudisha. Mara chache sana, anasema, picha humwambia kitu ambacho masikio na maswali hayajamwambia.

Jibu la maabara linafika: kiwango cha damu (himoglobini) ni 9.6. Sasa ndipo anachukua karatasi safi na kufanya hesabu. Anatumia jedwali la ARISCAT lililotengenezwa Katalunia, Hispania, na kuchapishwa mwaka 2010, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 2,464 katika hospitali 59. Lina mambo saba tu. Umri, kati ya 51 na 80: alama 3. Oksijeni, kati ya 91 na 95: alama 8. Maambukizi ya njia ya hewa ndani ya mwezi mmoja, yenye homa na antibayotiki: 17. Damu isiyozidi 10: 11. Kidonda sehemu ya juu ya tumbo: 15. Upasuaji si wa dharura: 0.

Limebaki jambo la saba, muda wa upasuaji, na hapa nilimheshimu zaidi ya mahali pengine popote. Daktari mpasuaji amesema saa moja. Upasuaji ukifika saa mbili unaongeza alama 16. Mtaalamu anainuka, anakwenda thieta, anafungua lile daftari kubwa la kumbukumbu na kupitisha kidole kwenye safu ya upasuaji wa aina hii, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, ukurasa baada ya ukurasa. Nyingi zimechukua saa moja na nusu hivi. Hakuna iliyofika saa mbili. Anarudi na kuandika 0, na 0 hiyo ina ushahidi.

Jumla ni 54. Kuanzia 45 ni kundi la hatari kubwa. Katika wagonjwa wa Katalunia, takriban 42 kati ya 100 wa kundi hilo walipata matatizo ya mapafu. Kundi la kati, alama 26 hadi 44, walikuwa 13 hivi. Kundi la chini hawakufika wawili.

Nilidhani kazi imeisha hapo. Yeye alichukua kalamu nyekundu na kurudi juu ya karatasi, akipita namba moja baada ya nyingine. Miaka 62 haishuki. Kidonda hakihamishiki, kwa kuwa vifaa vya kupasua kwa matundu madogo na kamera hapa havipo. Lakini ile 17 ni suala la muda, na ile 11 ni suala la vidonge vya madini ya chuma, dawa ya minyoo na chakula. Akazizungushia duara. Jumla ya maduara ni 28. Jedwali ambalo wengine hulitumia kutabiri, yeye alilisoma kama orodha ya vitu vya kurekebisha, na nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya kujaza fomu na kuijua kazi.

Kusubiri nako kuna gharama. Mawe yanaweza kuziba njia ya nyongo wakati wowote, na upasuaji wa dharura ungeongeza alama 8 juu ya shida nyingine zote. Wanazungumza na daktari mpasuaji, faili likiwa wazi kati yao, kama robo saa. Maumivu yamekuja mara mbili na kuondoka, hakuna homa, macho si ya njano. Wanakubaliana wiki sita. Binti anaelezwa, na kutakiwa arudie mwenyewe, dalili za kumfanya amlete mama usiku uleule: homa, macho kuwa njano, maumivu yasiyoachia.

Kisha mtaalamu anavuta kiti karibu na kufundisha. Mwaka 2018 utafiti wa Australia na New Zealand ulionyesha kwamba somo moja la dakika 30 kabla ya upasuaji wa juu ya tumbo lilipunguza matatizo ya mapafu karibu nusu: 12 kati ya 100 kwa waliofundishwa, 27 kwa waliopewa kijitabu tu. Anatumia nusu saa yote. Anamwonyesha mama kuvuta pumzi mpaka mbavu za chini zifunguke, kuishika, kuiachia polepole. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Anakunja khanga ya mama iwe kama mto mdogo, anaiweka chini ya mbavu za kulia na kumfundisha kuikumbatia kwa mikono miwili anapokohoa, ili kidonda kipate egemeo. Mama anajaribu. Anamrekebisha kiwiko. Anajaribu tena. Chupa ya plastiki inajazwa maji kimo cha sentimita 10, mpira mwembamba unaingizwa, naye anapuliza mpaka maji yachemke mapovu. Ukinzani ule mdogo wa maji husaidia njia za hewa zibaki wazi. Kazi ya jikoni anaipokea binti kwa wiki hizo sita, mlango ukiwa wazi.

Wiki sita zilipopita, mama alirudi na chupa yake mkobani. Damu 11.2. Hakuna homa tangu siku ile, kikohozi cha asubuhi kimepungua. Pumzi ya nguvu inaisha kwenye sekunde ya 7, kwa sababu moshi wa miaka mingi hauondoki kwa wiki sita. Kidole kikasuguliwa, kikabanwa, kikasubiriwa: 95. Hesabu ikafanywa upya. Umri 3, oksijeni 8, kidonda 15, vingine sifuri. Jumla 26.

Kundi la kati linaanzia 26. Alama moja pungufu ingemweka mama kundi la chini, na pale chumbani kila mtu angefurahi. Mtaalamu aliandika "hatari ya kati" na akapanga kazi yake kulingana na hilo: dawa ya kulegeza misuli kwa kipimo kidogo kinachotosha, na dawa ya kuiondoa kabla bomba la kupumulia halijatolewa, ganzi ichomwe kando ya kidonda kabla mama hajaamka, ili aweze kukohoa, akae kitandani jioni ileile na asimame kesho yake. Kwa wodi aliandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa, kwa sababu ungesomwa usiku. Kichwa cha kitanda kiinuliwe. Oksimita kila saa nne, mkono wa kushoto, kidole kipashwe joto kwanza, mstari utulie ndipo isomwe. Ikishuka chini ya 92 aitwe, saa yoyote. Alilipeleka faili mwenyewe wodi ya wanawake, akalisoma na muuguzi wa zamu mstari kwa mstari, na walipofika kwenye mazoezi ya pumzi ya kila saa muuguzi akamwomba amwonyeshe vile khanga inavyokunjwa.